Shule Yetu ya Nyumbani Musaga: Juma Moja la Mei 2015

Mwezi uliopita, tukiwa kwenye foleni ya maji, akina mama wawili waliniuliza: "Mama, wewe si mwalimu, ni fundi wa kushona. Ile kazi ya kusomesha watoto nyumbani ulijifunza wapi?" Walikuwa wanakumbuka mwaka 2020, Kenya ilipofunga shule zote mwezi wa tatu kwa sababu ya Korona, na mlangoni kwangu hapa Kakuma kukawa na watoto kumi na wawili kila asubuhi. Niliwajibu kwa neno moja tu: Musaga. Wakacheka, wakadhani ni jina la chuo. Basi leo naandika, kama nilivyowaahidi.

Musaga ni mtaa wa kusini mwa Bujumbura. Ukitoka mjini kati unavuka mto Muha, halafu barabara inaanza kupanda. Hiyo ni barabara ya taifa namba 7, inayokwenda Ijenda na Matana, kule milimani kwenye baridi na viazi. Musaga imekaa kando ya barabara hiyo. Mwaka 2015 ilikuwa ndani ya komine Muha, pamoja na Kinindo na Kanyosha. Mitaa yake midogo ni kama Gikoto, Gitaramuka na Kamesa, na avenyu nyingi hazina majina, zina namba tu. Huko ndiko liliko gereza la Mpimba. Mtu akikuambia kwamba fulani amekwenda Mpimba, ujue hakwenda kutembea. Chuo cha maofisa wa jeshi, wanachokiita ISCAM, nacho kiko jirani. Kwa hiyo mtoto wa Musaga anakua kati ya gereza na kambi ya askari, na bado anacheza mpira vizuri tu.

Lakini nisiwafanye mdhani ni pahali pabaya. Usiku mvua ikinyesha, asubuhi yake unasimama mlangoni na kuona ziwa Tanganyika lote chini, na ng'ambo yake milima ya Uvira iko karibu kama mtu ameisogeza. Wanawake wanashuka kutoka vilimani na vikapu vya mboga kichwani, lengalenga na sombe, wanaongea kwa sauti kubwa kabla hata jogoo hajamaliza. Sisi tulikaa kwenye ua mmoja na familia nyingine mbili. Nyumba ya vyumba vitatu, mabati, mwembe mmoja wa kugombania. Mimi nilizaliwa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ndiyo maana Kiswahili ndicho kinachonitoka haraka. Kirundi cha Musaga nilijifunza ukubwani, na majirani walikuwa wakinicheka.

Watoto wetu walikuwa watatu. Kijana wa miaka kumi na tano, mwaka wa nane. Binti wa kumi na mbili, mwaka wa sita. Na kitinda mimba wa miaka minane, mwaka wa pili, ambaye kwa kweli alikuwa hajui kusoma hata jina lake, ila alikuwa fundi wa kuigiza kwamba anajua.

Jumapili tarehe 26 Aprili 2015 maandamano yalianza, siku moja baada ya chama tawala kumteua Rais Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Sitaki kuingia kwenye siasa, gazeti hili ni la familia na humu tunasoma watu wa kila upande. Nasema tu yaliyotokea mlangoni. Musaga ilikuwa moja ya mitaa iliyokuwa mbele. Vijana walifunga njia kwa mawe, magogo na matairi. Polisi upande huu, vijana upande ule, na mara nyingine askari jeshi wakasimama katikati. Shule za mtaani kwetu zikafunga. Tulisema ni siku mbili, zikawa juma, yakawa majuma mawili.

Majuma hayo mawili ya kwanza mimi sikufanya kitu. Nilishona, nilipika, nilisikiliza redio. Watoto walilala hadi saa tatu. Lakini kijana wangu akaanza kutoka. Kwanza alisema anakwenda kuangalia tu. Baadaye akawa anarudi na harufu ya matairi kwenye shati. Mama yeyote aliyekaa mtaa kama ule anajua harufu hiyo. Hukasiriki, unaogopa.

Tena mimi nilikuwa na hofu nyingine, ya zamani. Oktoba 1993, Rais Ndadaye alipouawa, nilikuwa darasa la tano. Nyumbani walisema kaa kwanza, mambo yatatulia. Nilikaa. Mambo yalipotulia kidogo nilikuwa nimeshakuwa msichana wa kupika na kubeba wadogo, shule ikaniacha hivyohivyo bila mtu kuniaga. Hakuna aliyeamua kunitoa shuleni. Ndiyo hilo nililolihofia, kwamba hakuna anayeamua, siku zinapita tu.

Basi Jumapili ya tarehe 10 Mei, usiku, baada ya kula, nilimwita kijana nje chini ya mwembe. Baba yao alikuwa dereva wa lori, juma lile yuko Ijenda kupakia viazi na hana njia ya kushuka. Nikamwambia: "Baba, Kifaransa changu kimeishia darasa la tano. Hesabu zangu ni za sentimeta. Bila wewe wadogo zako watapotea. Nakuomba uwe mwalimu wao." Alinitazama akijua kabisa kwamba ninamfunga kamba. Akasema: "Mama, mimi si mtoto." Nikamjibu kwamba ndiyo maana sikumwomba mtoto. Cheo ni cheo, wasomaji. Alikubali kwa masharti, asifagie ua siku za shule.

Jumatatu saa mbili tukaanza. Ubao ulikuwa mlango wetu wa mbele, mlango wa bati uliopakwa rangi nyeusi kwa ndani. Chaki nilikuwa nayo, chaki ya fundi, ile bapa ya kuchorea vitambaa. Sasa mlango ukiwa wazi ubao unageukia ukutani, huoni kitu. Kwa hiyo shule yetu ilifanyika mlango umefungwa, na mwalimu amesimama mbele yake. Sisemi nilipanga. Lakini sikusikitika.

Ratiba ilikuwa hivi: asubuhi hesabu, halafu Kirundi, halafu uji. Saa sita na nusu imla. Na imla yetu tuliipata redioni. Kijana aliwasha habari za Kifaransa, mtangazaji anasoma, wao wanaandika wanachoweza, kisha wanalinganisha. Binti aliandika kurasa mbili siku ya kwanza. Ukisoma daftari lile leo unapata taarifa za nchi nzima zimejaa makosa ya tahajia, na juu yake mwalimu wa miaka kumi na tano ameandika kwa wino mwekundu: vibaya sana. Walipigana kwa hilo. Binti alilia akasema bora mawe ya barabarani. Nikamwita mwalimu jikoni nikamwambia mwalimu mzuri hutafuta kwanza neno moja lililo sawa. Alirudi, akatafuta, akalipata: "Tanzanie". Akalipigia mstari.

Mimi masomo yangu yalikuwa baada ya chakula. Nilichukua futi yangu ya kupimia, tukapima kila kitu. Meza, dirisha, kifua cha kitinda mimba, urefu wa ua. Tukakata sare ya shule kwenye karatasi ya gazeti, na binti akakokotoa nguo tatu zinahitaji mita ngapi kama upana ni mita moja na nusu. Jiografia tuliifanya mlangoni jioni, kukiwa kimya: huku ziwa, kule Uvira, hapa barabara namba 7, pale Mpimba. Kitinda mimba alichora ramani na akaweka mawe ya barabarani kama milima. Sikumkosoa.

Jumanne mama jirani alileta wawili wake. Aliniambia, "Dada, na hawa wafungie humo." Alilipa kwa sombe iliyotwangwa tayari, na siku ile nilijiona tajiri. Mwalimu akanung'unika kwamba darasa limejaa. Sijui angesema nini kama angeona madarasa ya hapa Kakuma.

Jumatano tarehe 13 ndiyo siku iliyotuvuruga. Marais wa Afrika Mashariki walikuwa wamekutana Dar es Salaam juu ya Burundi, na Rais wetu alikuwa huko. Mchana tulikuwa kwenye imla kama kawaida, ila kijana alikuwa amehamia redio binafsi. Ghafla ikasikika sauti ya Jenerali Godefroid Niyombare, anasema Rais ameondolewa. Watoto waliendelea kuandika! Binti aliandika sentensi ile ya kwanza nzima, mimi ninayo hadi leo. Kabla hajafika ya pili, nje kulikuwa na kelele ambazo sijawahi kusikia, filimbi, masufuria, watu wanalia na kucheka. Kijana aliweka chaki dirishani taratibu, kama mtu mwenye adabu, akafungua mlango. Ubao ukageukia ukutani. Akaenda.

Nilimfuata mpaka barabara kubwa. Ile barabara ilikuwa mto wa watu, wote wanashuka kwenda mjini na matawi mikononi, wengine wamekumbatiana na askari. Nilimwita kwa jina, lakini jina lake ni la watoto kumi wa Musaga, wakageuka kumi na yeye hakugeuka. Nikasimama pale. Mzee mmoja akaniuliza mbona sifurahi. Nikamwambia nimeacha chungu motoni.

Niliporudi nilikuta binti amefunga mlango, amesimama mbele ya ubao, anawafundisha wale watatu kujumlisha. Hakuniuliza kitu. Nami nikakaa kwenye cherehani nikashona mshono mmoja mara tatu.

Kijana alirudi saa mbili usiku, mguu mmoja hauna kiatu. Hakueleza alikofika. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yote yakaishia kooni. Alikula, akaosha sahani yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasema: "Mama, kesho tuanze mapema."

Kesho yake haikuwa siku ya shule hata katika mwaka wa amani. Alhamisi ile tarehe 14 ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Lakini kabla ya mapambazuko tulisikia milio mizito kutoka mjini. Wanajeshi walikuwa wanapigania kituo cha redio na televisheni ya taifa, waliotaka kuipindua serikali na walioilinda. Kutoka Musaga unasikia kama mtu anabomoa nyumba za mabati moja baada ya nyingine. Tulisogeza godoro dirishani tukalala sakafuni kwenye ujia mwembamba wa kati, mimi na watoto wangu, na wale wawili wa jirani na mama yao. Redio ilikuwa katikati yetu. Na redio zenyewe zikaanza kunyamaza. Kati ya Jumatano na Alhamisi vituo vitano vya binafsi vilishambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance na Rema FM. Kijana alizungusha kile kitufe, mngurumo, anazungusha tena, mngurumo. Mwisho akasema, "Leo hakuna imla," na mama jirani akaanza kucheka vile anavyocheka mtu aliyekaribia kulia, na sisi wote tukamfuata.

Saa zilikuwa ndefu. Kwa watoto wadogo woga mrefu unageuka kuchoka. Kitinda mimba alikuwa amelala chali, kichwa chini ya cherehani yangu, anaangalia maandishi ya dhahabu kwenye chuma. Nikamsikia ananong'ona. "Bu. Te. Ri. Fu. Li." Nikamwambia rudia. Akarudia: Buterifuli. Cherehani yangu ni ya Butterfly. Hakuwa ameambiwa na mtu, maana sisi nyumbani tulikuwa tunaiita mashini tu. Kaka yake akaruka: "Anasoma! Mama, huyu anasoma!" Nikamwambia ainamishe kichwa chake chini. Basi mchana ule wote tulimpa maneno, kwenye kopo la unga wa maziwa, kwenye sanduku la kiberiti, kwenye pindo la kanga yangu. Mengine aliyapata, mengine aliyatunga.

Ijumaa mchana baba watoto aliingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliliacha lori Ijenda akateremka kwa miguu siku nzima na sehemu ya usiku. Habari alizokuja nazo zilikuwa zimeshatufikia, kwamba mapinduzi yameshindwa, baadhi ya viongozi wake wamekamatwa, na Rais amerudi nchini. Sehemu nyingine za mji walipiga honi kwa furaha. Kwetu watu walifunga milango mapema.

Usiku ule tulibishana mimi na yeye, kwa sauti ya chini. Yeye alitaka kumchukua kijana peke yake ampeleke kwa ndugu milimani. Mimi nilisema hapana, mwalimu akiondoka darasa linakufa, na darasa likifa yeye mwenyewe atakosa sababu ya kukaa ndani popote atakapokuwa, hata Ijenda. Aliniambia unamficha mtoto nyuma ya chaki. Nikamjibu ndiyo, wewe una kitu kikubwa zaidi cha kumficha nyuma yake? Hakuwa nacho. Asubuhi alipanda juu ya kiti akakaza bawaba za mlango, zilikuwa zimelegea. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kukubali.

Jumamosi nilifua. Jumapili tulikwenda ibada, watu wachache, mahubiri mafupi. Jumatatu tarehe 18 maandamano yakaanza tena Musaga, nasi saa mbili kamili tukafunga mlango.

Tuliendelea hivyo mpaka tulipoondoka, katikati ya Juni. Sitaeleza safari, kila mmoja wetu hapa ana yake na nyingi ni mbaya kuliko yangu. Baadaye watu zaidi ya laki nne walikuwa wametoka Burundi kwenda nchi za jirani. Sisi tulipitia Rwanda na Uganda. Cherehani iliuzwa kwa bei ya kutupa. Madaftari niliyashonea ndani ya mfuko wa kitambaa, nikauvaa mgongoni kama mtoto.

Hapa walipotuandikisha shule walituomba ripoti za mwisho. Hatukuwa na ripoti. Nilifungua mfuko nikaweka madaftari mezani. Mwalimu yule, Mkenya, hakujua Kifaransa wala Kirundi, lakini alifunua kurasa moja moja, akauliza nani amesahihisha. Kijana wangu akainua mkono. Masomo ya hapa ni ya Kiingereza, kwa hiyo binti alirudishwa madarasa mawili, na alinuna mwezi mzima. Kitinda mimba waliuliza kama anajua kusoma. Akasema anajua, na safari hii hakuwa anaigiza.

Nasikia kule Marekani na Uingereza wako wazazi wengi wanaochagua wenyewe kusomesha watoto nyumbani, wana vitabu vyake na vikundi vyake. Wana bahati ya kuchagua. Mimi ningekuwa na shule iliyo wazi, na njia salama ya kwenda, nisingesimama mbele ya mlango hata siku moja. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba gazetini nimeandika watoto waache shule. Nimeandika kuhusu zile siku ambazo shule yenyewe imewaacha.

Kijana sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda kati ya hapa na Kalobeyei. Juu ya ile Jumatano hajaniambia alikofika wala kiatu kilibaki wapi, nami nimeacha kuuliza. Jirani aliyebaki Musaga aliniambia kwa simu mwaka 2019 kwamba wapangaji wapya wameupaka mlango rangi ya kijani, pande zote mbili.

Sasa nyinyi akina mama wawili wa foleni ya maji, chaki ya fundi inafutika vizuri kwa kitambaa kilicholowa, si kikavu, kikavu kinaacha ukungu mweupe. Nina vipande vinne. Njooni Alhamisi jioni mchukue kimoja kimoja. Ijumaa msije, nafua.